Kila Sifa na Ushahidi Wake

Mpaka leo siwezi kukaa karibu na watu wanaopura maharage. Fimbo zikianza kupokezana juu ya mashina makavu, na lile vumbi lenye harufu ya majani likanipanda puani, huchukua mkoba wangu nikaaga. Wenyeji hudhani mwalimu ana maringo. Waache wadhani; ninyi nitawaambia.

Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu Mabawe, miaka ile wakimbizi walipovuka mto wakajaa Ngara hata kuni zikawa shida. Baba alimpokea mmoja, Mzee Yohana, akampa chumba cha uani, naye akawa anatusaidia kulima. Hakuwa akienda kambini hata siku ya mgao wa unga, nami nilimwona mjinga kwa kuacha chakula cha bure. Siku moja ya mvua, tukichoma mahindi jikoni, alimweleza Baba sababu. Kule kwao, watu walipokuwa wanachinjwa, aliwaficha majirani tisa ndani ya shimo la kuivishia ndizi, akawafunika kwa majani, kisha akaketi juu yake akimenya ndizi huku wauaji wakipekua nyumba. Baadaye wauaji walijua. Nao pia walivuka mto, wako kambini wanamtafuta, na Yohana si jina lake.

Baba alitugeukia sisi watoto. "Ulimi hauna mfupa. Haya yameishia hapa jikoni, mmesikia?" Tukaitikia kwamba tumesikia.

Kilichoniponza ni Kiingereza. Muhula ule mwalimu aliandika ubaoni maneno ya kueleza tabia za watu: humble, mnyenyekevu; generous, mkarimu; brave, jasiri; na famous, yaani mtu anayejulikana kila mahali. Hilo la mwisho tulilipenda mno, sisi tuliokuwa hatujulikani hata Ngara mjini. Akatuagiza insha juu ya mtu tunayemfahamu, na sharti lake alilirudia akigonga meza kwa rula: "Kila sifa na ushahidi wake!"

Wenzangu waliandika kuhusu padri na bibi zao. Mimi, kichwa maji, nilitaka kuwa wa kwanza. Penye brave niliweka shimo la ndizi na watu tisa. Penye humble nikaandika kwamba Mzee Yohana anakula sinia moja na sisi watoto. Generous ilinishinda, nikaandika kwamba aliwahi kunipa muwa. Nikamalizia kwamba mtu kama huyu anastahili kuwa famous.

Nilipata ishirini kwa ishirini. Siku ya kufunga shule nikasimamishwa mbele ya wazazi niisome, kisha niieleze kwa Kiswahili ili wote wasikie. Baba na Mama hawakuja, walikuwa wanang'oa maharage, na nilinuna kwelikweli. Kando ya uwanja walisimama wanaume wa kambini waliokuja kuuza unga. Nao walinipigia makofi.

Siku ya tatu tulikuwa tunapura. Kwetu, mtu akiingia uani na fimbo wakati wa kupura haulizwi atokako. Ni msaada huo, anapewa nafasi. Basi wanaume watano walipotokea na fimbo begani, Mama alifurahi.

"Mwiriwe, mama," walisalimu.

"Karibuni, kazi ndiyo hii," akajibu, akanituma maji ya ndizi.

Niliwaamkia shikamoo, nikawapa kikombe nimepiga magoti. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Ni wewe uliyesoma vizuri shuleni? Na shujaa wako yuko wapi?"

Nilijaa sifa. Nikanyoosha kidole. Mzee Yohana alikuwa hatua chache tu, anapepeta, ametugeuzia mgongo.

Walijipanga kumzunguka, kama wapuraji. Pigo la kwanza lilimpata shingoni, la pili mdomoni. Kisha fimbo zikapokezana kwa mpangilio uleule wa kupura, moja ikishuka nyingine ikipanda, na maharage meupe yakawa mekundu. Baba alijaribu kumlalia, wakamvunja mkono. Mama alipiga yowe, kijiji kikaja mbio na mapanga, lakini wale watu walikuwa wameshapotelea migombani. Mimi nilisimama na kikombe changu. Nilijikojolea.

Aliishi siku mbili pale zahanati. Nilipoingia kumwona, uso haukuwa uso. Nilishukuru, Mungu anisamehe, kwamba hajui ni nani aliyemsema. Akanishika kidole, kilekile.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema kwa shida. "Shuleni ulipata ngapi?"

"Ishirini kwa ishirini."

"Vizuri. Usiache kusoma."

Nilidhani ananiuliza kama wazee wote wanavyouliza watoto. Alfajiri alikufa.

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu tayari, nasahihisha insha za wanafunzi wangu, ndipo ikanijia. Hatua chache tu! Alisikia swali la yule mtu, na alipogeuka alikiona kidole changu. Alijua yote. Na pumzi chache alizobakiwa nazo alizitumia kunisifu, ili mtoto asiubebe mzigo ule. Niliweka kalamu chini nikalia mbele ya darasa zima.

Penye generous, mimi niliandika muwa.