Funza wa Celine Amondi

Celine Amondi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Akiona unywele kwenye chakula, hali tena siku hiyo. Anaishi Mbotela, anauza nguo za watoto za mitumba.

Mwaka jana alirudi kutoka Ugenya, alikoenda kumzika mama mkwe, na baada ya siku chache akaota majipu mawili kiunoni. Mumewe Opiyo aliyapaka mafuta ya mgando ili yalainike. Kitundu kikafunguka katikati ya jipu kubwa, kitu cheupe kikachungulia, kikarudi ndani.

“Opiyo! Kuna kitu kinatembea!”

Opiyo akabinya. Akatoka funza mnene mwenye miiba midogo myeusi, akajinyonganyonga kiganjani mwake. Celine alitapika palepale kwenye zulia.

Jirani yao Lydiah alisikia kelele akaja. Kumwona funza tu, akaziba pua.

“Si nilisema, Celine? Hizo nguo unaziokota jaani Dandora! Unatuletea funza wa huko!”

Ploti nzima ikajua. Watoto wakakatazwa kumgusa Celine, na bombani wanawake wakasogeza ndoo zao mbali na yake. Hakuwahi kuokota hata soksi Dandora. Mali yake hutoka soko la Gikomba. Hata hivyo alianza kujinusa, akawa anaoga mpaka ngozi inamuuma.

Nesi alimtoa funza wa pili. Yule wa kwanza, aliyekuwa bado hai, Opiyo alimtia kwenye chupa, wakampelekea rafiki yake Mativo, mtaalamu wa wadudu.

Mativo alimgeuza matako juu, chini ya hadubini. Celine akatazama ukutani.

“Ukiwaangalia hivihivi, shemeji, funza wanafanana,” alisema Mativo. “Tunawatambua kwa matundu ya kupumulia, na hayo yako huku nyuma. Funza wa nzi wengi wa jaani ana mipasuo iliyonyooka. Ya huyu imepindapinda. Anaitwa Cordylobia anthropophaga. Jina la kwanza ni la ukoo, analishiriki na ndugu zake. La pili linamtenga nao. Maana yake mla watu.”

“Mla watu! Alikuwa ananila mimi?”

“Wewe kabisa. Nzi wake hutaga kwenye nguo mbichi, au kwenye mchanga wenye mikojo. Mayai yasipouawa kwa pasi ya moto, vifunza hupenya ngozini. Umeanika nguo chini karibuni?”

Celine akakumbuka. Kule matangani kamba zilikuwa zimejaa, akaanika petikoti kwenye nyasi, nyuma ya nyumba, pale watoto walipokuwa wakijisaidia. Akaivaa bila kuipiga pasi. Akakimbilia nje.

Opiyo ndiye aliyewaeleza majirani. Wanawake wakarudisha ndoo karibu, polepole. Lydiah hakuomba radhi, ila jioni moja alikuja kuazima pasi.

Baada ya majuma kadhaa Mativo akapiga simu kwa furaha: yule funza alikuwa amegeuka nzi wa rangi ya manjano iliyofifia, mzuri wa kuhifadhiwa.

“Nimemchoma pini, shemeji. Chini yake huwekwa kijikaratasi chenye mahali alipotoka, tarehe, na jina la aliyemleta. Naandika Celine Amondi?”

“Jina langu likae chini ya huyo mdudu?” Celine aliuliza. “Andika Opiyo. Ndiye aliyemshika.”

Akakata simu, akaenda kunawa mikono.