Dhahabu ya Bibi na Noti za Mama

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa mjuaji wa kupindukia. Mama alikuwa na kipini cha dhahabu cha puani, alichoachiwa na bibi aliyevuka mto Ruvuma akikimbia vita Msumbiji. Bibi alivuka na noti pia, lakini upande huu hazikununua hata chumvi. Kilichowalisha ni bangili zake za dhahabu. Kwa hiyo alimuusia mama: karatasi usiiamini.

Mimi nilicheka. Nikamwambia mama kwamba kila noti ina dhahabu yake imelazwa benki kuu, anayeitaka anakwenda kuichukua. Kipini kinaweza kudondoka kisimani, noti ni dhahabu isiyodondoka. Sikuwa nimeyasoma popote. Niliyasema tu, kwa sauti ya mwalimu.

Mama akamuuzia sonara kile kipini. Noti akazitia kwenye kopo la maziwa, akalifukia chini ya kitanda nyumbani kwetu Ziwani, ziwe za kumnunulia dada yangu kipini siku ya kuolewa.

Mwaka huu dada kaposwa. Tulipolifukua kopo, noti zilikuwa safi, ila ni za toleo la zamani. Tangazo la kuzibadilisha lilishapita redioni, na muda wake pia.

Tukaenda benki mjini. Mama akaziweka dirishani; binti wa pale aliposema hazipokelewi tena, akamwambia, "Mwanangu, kama karatasi hamzitaki, nipeni dhahabu yake." Binti akanitazama mimi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Siku hizi ninafundisha somo la biashara sekondari, na jambo hili nalieleza kila mwaka: noti ni pesa kwa sababu sheria imesema ni pesa, na sheria ikisema basi, inabaki karatasi. Benki kuu inaweza kuwa na dhahabu yake, lakini hakuna kipande kinachoingojea noti yako. Wanafunzi wangu wanalijua. Mama yangu tu ndiye sikuwa nimemrudia nikamwambia.

Nilimwambia siku hiyo, nje ya benki, juani. Nikamwahidi kipini kwa mshahara wangu. Alikuwa akizifunga upya noti zake kwenye kitambaa.

"Cha dada yako utanunua," alisema. "Lakini mama yangu aliniambia kweli, nami nikamwona mshamba, kwa sababu wewe ulikuwa na shule."