Mokami na picha ya kisiki kilichodhaniwa mzee

Saa moja asubuhi, ukungu unapanda kutoka kwenye kijito kinachotenganisha vilima viwili vya Nyanungu, wilayani Tarime. Kwenye kilima cha upande huu, Mokami Nchagwa amepiga goti moja juu ya nyasi zenye umande. Jicho liko kwenye kamera, simu ameibana kati ya sikio na bega.

Upande wa pili, mbali, amesimama mtu mmoja aliyejifunga shuka jekundu. Nyuma yake msitu wa mikaratusi na migrevilea unapanda mpaka kileleni.

"Baba, sogea kushoto kidogo," Mokami anasema kwenye simu.

"Kushoto kuna ng'ombe," inajibu sauti ya Mzee Simioni Nyamhanga.

"Mfukuze, baba."

"Nimfukuze ng'ombe wangu? Njoo umfukuze wewe."

Mokami anacheka mpaka kamera inatikisika, kisha anatulia na kuvuta pumzi. Leo hatakiwi kukosea. Picha ya kwanza aliyompiga mzee huyu ilimtia aibu mbele ya kijiji chake, na ikamtenga baba yake mzazi na rafiki yake wa tangu ujana.

Mokami, mwenye umri wa miaka 39 na mama wa watoto watatu, ana studio ya chumba kimoja karibu na stendi ya Mugumu, wilayani Serengeti. Kazi za kila siku ni picha za pasipoti, harusi, kipaimara na mahafali. Picha nne za pasipoti anatoza shilingi elfu nne.

"Hizo ndizo zinazolipa pango na kuwapeleka watoto shule," anasema. "Hizi nyingine ndizo zinazoniamsha asubuhi."

Hizi nyingine amezitundika ukutani. Yupo mwanamke wa Natta anayeanua mtama, na juu yake wingu la mvua limejaza karibu picha nzima. Yupo yangeyange mweupe kando ya mguu wa tembo, na tembo mwenyewe haonekani, ni mguu tu, kama nguzo ya nyumba.

Jirani yake, fundi cherehani Maua Swaleh, anasema amezoea kuona zinavyowafanya wateja. "Mtu anaingia huku anagombana na simu," anasema. "Akiinua macho pale ukutani, utamsikia, 'Ngoja, nitakupigia.' Halafu anasimama tu."

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa mfuaji nguo kwenye kambi moja ya watalii, na kamera yake ya kwanza aliinunua ikiwa imeshatumika. Siku moja ya mapumziko alitembea hadi kwenye jiwe kubwa upande wa Ikoma, akalipiga picha na kuwapelekea wenzake wa jikoni.

"Mpishi akaniuliza, 'Hili figa umelitoa wapi?' Jiwe kubwa kuliko kanisa, yeye anaona figa!"

Wiki iliyofuata alirudi, akakuta mbuzi amepanda katikati ya jiwe lile. Akapiga. Safari hii jikoni walisogeleana kuangalia, na mpishi yule akasahau sufuria motoni.

"Jiwe ni lile lile," anasema Mokami. "Ila sasa walikuwa na mbuzi. Mbuzi kila mtu anamjua ukubwa wake. Ndipo nikaelewa kwamba kitu kikubwa peke yake hakina ukubwa. Kipe mbuzi, kipe mtu, kipe hata ndoo. Halafu wewe rudi nyuma, ukiache kijae."

Kurudi nyuma, hata hivyo, ndiko kunakomgombanisha na wateja. Katika vijiji vya Tarime picha ina heshima yake. Anayepigwa husimama wima, mikono imenyooka, macho kwenye kamera, naye hujaza picha kuanzia kofia mpaka viatu.

"Ukikata viatu umemkata mtu miguu," anasema. "Na ukimfanya mdogo, umemdharau."

Mwaka jana kijiji anachotoka, huko Nyanungu, kilimaliza kujenga ofisi mpya. Mbao zote za paa zilitoka katika msitu wa Mzee Simioni, naye alizitoa bure. Mkutano ukaamua picha yake itundikwe ukutani, na kazi akapewa Mokami, mtoto wa pale pale.

Wazee wa Nyanungu wanakumbuka kilima kile kilipokuwa kipara, mvua ikikwangua udongo na kuumwaga kijitoni. Simioni alipoanza kupanda miche, watu walimcheka kwamba anaharibu malisho. Aliendelea kupanda.

"Ningepiga uso wake, ungeona mzee," anasema Mokami. "Wazee tunao wengi. Nilitaka mtu aone alichokifanya."

Basi alimsimamisha chini ya miti, akarudi nyuma sana. Lakini ilikuwa jioni, kivuli kimeshashuka, na mzee alikuwa amevaa koti la kahawia. Zaidi ya hayo, Mokami aliichapisha picha ikiwa na ukubwa wa ukurasa wa daftari.

Siku ya kuionyesha, familia nzima ilikusanyika. Mzee alivaa miwani, akaigeuza picha huku na huku, akauliza, "Mimi niko wapi?" Mkewe, Bibi Agustina, akaisogelea na kuweka kidole. "Si huyu hapa."

Kilikuwa kisiki. Mumewe alikuwa kando yake.

"Nimemlisha miaka yote hiyo, halafu nikashika kisiki," anasema Bibi Agustina, akifuta machozi ya kicheko. Siku ile hakuna aliyecheka.

Jambo lilikuwa zito kuliko picha. Mzee Simioni na baba yake Mokami, Mzee Nchagwa Mseti, walitahiriwa saro moja, yaani ni rika moja. Kwa Wakurya, mtu wa rika la baba yako ni baba yako, na ukimdharau umemdharau mzazi wako.

Mzee Simioni hamung'unyi maneno. "Nilimwambia Nchagwa, binti yako amenifanya mdudu. Usikanyage kwangu mpaka nirudishiwe kimo changu."

Nchagwa akaacha kuvuka kijito. Wanaume waliokula sahani moja kwenye kila sherehe walianza kukaa pande mbili, hata msibani. Mwishowe alimpigia simu binti yake. "Mpige uso, mama, yaishe."

Mokami alikataa. "Uso ungemaliza ugomvi," anasema, "lakini msitu ungebaki nje. Na yeye ndiye ule msitu."

Badala yake alipanda pikipiki kutoka Mugumu, akaenda kwa Mzee Simioni, akapiga magoti. Hakuomba radhi kwa kumfanya mdogo. Aliomba radhi kwa kumpoteza.

"Nilimwambia, baba, ukubwa wa miti hautakuwa na maana kama wewe huonekani. Kosa ni langu, si la umbali. Nipe asubuhi moja."

Mzee alikubali kwa sharti. "Kama nitahitaji miwani kujiona, usirudi tena hapa."

Ndiyo maana asubuhi hii jua linammulika mzee, na shuka ni jekundu. Ndiyo maana pia amesimama kwenye nyasi tupu, mbali kidogo na vigogo, asichanganyike navyo. Mokami amevuka kijito na kufunga lenzi ndefu, kwa sababu kutoka mbali hivi lenzi hiyo inausogeza msitu mgongoni mwa mzee, ukasimama kama ukuta.

Amebaki ng'ombe. Mzee amempiga kikofi mgongoni, ng'ombe amepiga hatua kadhaa, amegeuka na kurudi pale pale kando yake. Mokami anatoa jicho kwenye kamera, anatazama, analirudisha.

"Mwache, baba!" anapaza sauti kwenye simu. "Mwache hapo hapo! Nyoosha fimbo!"

Anapiga.

"Mkurya hata umwamshe usingizini, atakwambia ng'ombe ana kimo gani," anasema akifunga mfuko wa kamera, uso wote unang'aa. "Mimi nilikuwa namfukuza!"

Wiki mbili baadaye ofisi ya kijiji imejaa mpaka madirishani. Picha imechapishwa Mwanza, kubwa kama mlango, na imefunikwa kwa kitenge. Mzee Simioni anavua miwani mbele ya watu wote na kuitia mfukoni. Mzee Nchagwa amebaki nje, kizingitini.

Kitenge kinashushwa.

Macho yanaanzia kwenye miti, yanapanda, yanapanda tena, kisha yanashuka taratibu mpaka chini kabisa, kwenye doa jekundu. Doa hilo ni mtu mwenye fimbo, na kando yake ni ng'ombe. Mtu mmoja anasema, "Yesu," kwa sauti ya chini.

Mzee Simioni anaisogelea, anaweka kidole. "Huyu ni mimi. Na huyu ni ng'ombe wangu." Bibi Agustina anaitikia kutoka nyuma, "Safari hii umepatia," na watu wanacheka.

Kisha mzee anarudi kinyumenyume mpaka mgongo unagusa ukuta wa pili. Anatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni mingi hivi," anasema. "Mimi nilikuwa napanda mmoja mmoja."

Anageukia mlangoni, anamwita rafiki yake kama walivyoitana ujanani. "Wewe mura, mbona umesimama nje kama mgeni?"

"Nangoja kuitwa," anajibu Nchagwa.

"Ingia. Nimerudishiwa kimo."

Nchagwa anaingia, wanashikana mikono na hawaachiani. Simioni hajamaliza. "Sasa wewe atakupiga chini ya nini? Huna hata kichaka!"

Ofisi nzima inaangua kicheko. Nchagwa haonyeshi miti. Ananyoosha fimbo kwenye kona ya chini ya picha, penye jina la mpiga picha. "Mimi ninaye huyu."

Mokami anageukia dirishani, anajishughulisha na kufuta lenzi iliyokwisha kuwa safi.

Sasa anaandaa maonyesho mjini Mugumu, ya watu wa Tarime na Serengeti pamoja na kazi zao, picha zote kubwa. Anataka mwanamke aliyechimba kisima aone kina cha kisima chake, na aliyejenga boma la mawe aone urefu wa ukuta wake, kabla mgeni hajapita na kuwaonyesha.

Wa kwanza atakuwa baba yake. Alipomuuliza anataka kusimama wapi, mzee alitoa kiti nje, akabadilisha shati, akaagiza kiwi ya viatu.

"Nipige kwa karibu kabisa," alimwambia. "Na viatu vionekane."

Mokami anasema hatabishana. "Nitampiga anavyotaka, kofia mpaka viatu," anasema. "Halafu nitaichapisha kubwa kama mlango."