Damu ya Shemeji

Binti yangu alikuwa akikaa ndani ya beseni. Beseni la buluu la kufulia, nimelizungushia khanga kuukuu pande zote ili asianguke, na humo ndimo alimokula, ndimo alimochekea mvua ikipiga mabati, na ndimo alimokaza mikono na kugeuza macho degedege lilipomjia. Watoto wa rika lake walikuwa washaanza kutumwa dukani. Wangu alikuwa hajajua kuinua shingo yake vizuri. Naliweka hili mwanzo kabisa ili ijulikane nilikuwa nataka nini. Nilitaka mtu aniambie mwanangu ana nini, basi. Hayo mengine yaliyonipata sikuyaomba.

Mama mkwe alikuwa na jibu lake tangu zamani. Kwao Junju, alisema, hakujazaliwa mtoto wa kukaa kwenye beseni, kwa hivyo jambo hili limetoka kwetu Malindi, limekuja na mimi pamoja na vyombo vyangu. Alilisema akipepeta mchele, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayesema leo kuna joto. Mtoto akafukizwa, akavalishwa hirizi ya kumkinga na nyuni, pepo anayesemwa huleta degedege, akasomewa. Kliniki nao wakampa dawa ya degedege iliyomlaza mchana kutwa, na degedege likaja vilevile.

Daktari mmoja wa watoto huko Kilifi ndiye aliyetupeleka kwa watu wa utafiti. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Mwalimu wetu wa bayolojia alitufundisha urithi kwa njegere, ndefu na fupi, za kijani na za manjano, na kwenye njegere nilipata alama nzuri. Kwa hivyo nilimsikiliza daktari nikidhani naelewa. Alinieleza kwamba mwili wa mtu umeandikwa kwa herufi nne tu, zinarudiwarudiwa mpaka zingejaza maktaba, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kuzisoma zote. Kwa hivyo hupewa kompyuta. Kompyuta huweka maandishi ya mtoto katikati, ya mama upande huu, ya baba upande ule. Herufi ya mtoto iliyotoka kwa mama huwekwa kando, na iliyotoka kwa baba nayo kando. Zinazobaki ni chache, na kwenye hizo chache ndiko wanakoanza kuutafuta ugonjwa.

Nikamuuliza, na baba asipopatikana? Akasema basi zinabaki nyingi mno, na hawajui waanzie wapi.

Mume wangu ni dereva wa lori la chumvi. Huchukua mzigo kule Gongoni akaupeleka bara, na nyumbani hupita anapopita. Damu yangu na ya mtoto zilichukuliwa kliniki siku hiyohiyo. Kwa damu ya mume wangu tulikubaliana Jumamosi moja ambayo aliapa atakuwepo, gari la utafiti lije mpaka nyumbani. Wiki hiyo akafariki shangazi yangu, nikamchukua mtoto nikaenda Malindi kwenye hitima. Niliporudi Junju mama mkwe akaniambia wageni wako walikuja, tumewapokea vizuri, damu wameondoka nayo. Nikashukuru. Sikumuuliza mume wangu. Nani humuuliza mumewe kama kweli alidungwa sindano?

Tukangoja. Kungoja kule sikwambii. Kila pikipiki iliyokata kona nilitoka nje.

Aliyekuja mwishowe ni msichana wa mtaa wa pili, anayewafanyia kazi watu wa utafiti vijijini. Alitukuta barazani, mimi namlisha mtoto uji, mama mkwe anachambua kunde. Kwa haraka yake, na labda kwa kutojua, akalitoa jambo zima mbele ya wote.

"Kompyuta imekataa," akasema. "Damu ya baba na ya mtoto hazikukubaliana. Wanaomba baba atoe tena."

Mikono ya mama mkwe ikasimama juu ya ungo. Akauliza hazikukubaliana vipi. Msichana akatutazama, akaona alichokimwaga, akaanza kusema huenda chupa zimechanganywa, huenda ni kosa la huko kwao, mara akakumbuka ana nyumba nyingine ya kupitia. Alisahau hata kuaga.

Siku ile ile mama mkwe alimpigia mwanawe simu, akasimama nyuma ya jiko ili nisikie. Akamwambia damu yetu na ya mtoto zimekataana. Alisema yetu. Neno hilo lilinipita wakati ule. Kisha nikapewa simu mimi, na mume wangu, mtu niliyemzalia, hakuniuliza swali hata moja.

"Nenda kwa mamako kwanza," akasema. "Nikirudi tutazungumza."

Nikaenda Malindi na mtoto mgongoni na mfuko wa nguo. Beseni lilibaki. Kwa mamangu nililala chumba kimoja na watoto wa dadangu, na mtaa wetu ni wa watu wastaarabu, hawakutukani. Wanakuuliza tu mumeo hajambo, wanakutazama mtoto usoni, halafu wanakutazama wewe.

Aliyeniletea beseni ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Huyu sina ubaya naye. Ndiye anayebaki nyumbani, analima, na kwa vile kaka yake daima yuko njiani, yeye ndiye humsimamia kila mahali. Kwenye mazishi, kwa chifu, kwenye akika ya binti yangu, aliyesimama pale pa baba ni yeye. Nyumba ile imezoea hivyo, mimi mwenyewe nilikuwa nimezoea. Nikamtengezea chai. Akanitania, kama kawaida ya shemeji.

"Nyinyi watu wa mjini hamna shukrani," akasema. "Mimi nimetolewa chupa mbili za damu kwa ajili ya mwanenu, hata soda sijanunuliwa."

Nikaweka birika chini. Nikamwambia arudie.

Akarudia, bado anacheka. Jumamosi ile lori la kaka yake liliharibika Mariakani. Gari la wageni likafika, wamekaribishwa, wamekunywa madafu, baba mtu hayupo. Mama akaona haya wageni watoke mbali na waondoke mikono mitupu. Akamwita kutoka shambani, akasema huyu hapa baba yake. Akanawa mikono, akakaa, akadungwa. Jioni akampigia kaka yake kumwambia mambo yamekwisha, na kaka yake akasema ahsante.

"Hukuwaambia wewe si babake?"

"Mama alishasema. Ningembishia mama mbele ya wageni?" Kisha akaacha kucheka. "Lakini shemeji, damu yetu si ni moja? Sisi baba mmoja, mama mmoja."

Hapo ndipo nilipofahamu. Walijua wote watatu. Hakuna aliyeficha kitu. Kwao damu ya ndugu wawili ni maji ya kisima kimoja, uteke kwa ndoo hii au ile. Kwa hivyo ikiwa mtoto amekataana na mdogo, amekataana na mkubwa pia, na mimi ni mwanamke niliyeleta mtoto wa nje. Nimetafuta kwa muda mrefu mahali pa kuiweka hasira yangu katika jambo hili. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa waongo.

Asubuhi nikaenda Kilifi bila miadi. Nilikaa kwenye benchi nikasema siondoki mpaka nimwone huyo anayekaa na kompyuta, si daktari, huyo mwenyewe. Akaja mwanamke wa umri wangu, amejitanda mtandio wa kijivu, akanipeleka chumba kisicho na dawa wala kitanda, vioo tu vya kompyuta. Nikamwambia aliyetoa damu ni ndugu wa mume wangu.

Akafunga mlango. "Tulidhani hivyo," akasema.

"Mlidhani?"

Akanieleza polepole, kama mtu anayetembea juu ya vigae vya chupa. Programu yao hupima watu wawili wanashiriki kiasi gani. Mzazi na mtoto hushiriki nusu. Mtu huyu na binti yangu walishiriki kama nusu ya hiyo nusu, jinsi mtoto anavyoshiriki na ami yake. Kompyuta ililiona hilo tangu siku ya kwanza. Lakini kuna sheria. Hawaruhusiwi kutamka nani ni nani kwa nani, kwa sababu maneno kama hayo huvunja nyumba. Sheria imewekwa kuwalinda kina mama.

Nikamwambia nimelindwa vizuri. Nimelindwa mpaka nimefukuzwa. Mashine yao ilikuwa na ushahidi wangu tumboni, na wao wakamtuma msichana na nusu ya neno, ile nusu inayoua. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Hakujitetea. Machozi yalimlenga, na hilo nalo likaniudhi, maana wa kulia nilikuwa mimi. Nikamwomba basi ampigie mume wangu amwambie. Akasema hawezi, si kwa simu, si kwa barua. Wanachoweza ni kupokea damu ya baba halisi na kuendelea kutafuta ugonjwa wa mtoto.

Mume wangu alikubali kuniona kwenye kituo cha mafuta, nje ya mji. Kwa mamangu aliona haya kuingia. Nilimkuta amesimama kando ya lori, nikamsimamia mbele na mtoto mikononi.

"Damu ya ndugu yangu ndiyo yangu," akasema. "Ikimkataa yeye imenikataa mimi."

"Imemkataa kuwa baba. Haikumkataa kuwa ami."

"Nikitoa, watu watasema nimekwenda kumpima mtoto kama ni wangu."

"Watu washasema. Wewe nenda kapime anaumwa nini."

Akawa anafuta kioo cha lori kwa kiganja, kioo ambacho hakikuwa na kitu. Na mtoto akachagua saa ile. Mwili ukakaza, kichwa kikaenda nyuma, miguu ikaanza kupiga tumbo langu. Baba yake alikuwa hajaliona degedege lile kwa siku nyingi, husimuliwa tu. Akaishika miguu ile kwa mikono yote miwili, akabaki ameishika hata lilipokwisha.

Akaenda Kilifi, akatoa. Kama alikwenda kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya wasiwasi wake mwenyewe, sijamuuliza. Naliogopa jibu.

Siku ya majibu mama mkwe alikuja na mwanawe, bila kualikwa, amevaa buibui la harusini. Shikamoo yangu aliipokea akitazama ukuta. Daktari akaanza kwa kusema sampuli zote tatu zimekubaliana safari hii, na nikamsikia mama mkwe akishusha pumzi ndefu. Kwa upande wake kikao kilikuwa kimekwisha. Kilichomtoa Junju ni hicho.

Daktari akaendelea. Wameipata. Ni herufi moja, katika maktaba nzima herufi moja, iliyobadilika mtoto alipokuwa akiumbika. Kwangu haiko, na kwa baba yake haiko. Hakuna aliyeibeba na hakuna aliyeileta.

"Kwa hivyo haikutoka kwetu," mama mkwe akasema.

"Wala kwao, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Alichukua ile nusu ya kwanza, kwamba haikutoka kwao, akaondoka nayo.

Kisha daktari akasema hili, na hili ndilo linaloniamsha mpaka leo. Ugonjwa huu hauna tiba. Lakini ile dawa ya degedege aliyokuwa akinywa haifai kwa watoto wa aina yake. Badala ya kulituliza degedege, hulichochea. Akaandika nyingine. Basi muda wote ule nilipokuwa nikiulizwa mtoto ni wa nani, mimi huku nilikuwa nampa binti yangu sumu kwa kijiko, asubuhi na jioni, kwa mkono wangu, nikimbembeleza ameze. Madafu yale ya wageni yalitugharimu muda huo wote.

Sasa degedege limepungua sana. Fundi wa mbao amemtengezea kiti chenye mikanda, na akikaa humo shingo inasimama kwa muda, anatutazama kama anayetushangaa. Kutembea sitarajii.

Wiki chache baadaye shemeji akaja tena kwa mamangu. Safari hii alivaa kanzu. Ameshika doti ya khanga mpya na halwa ndani ya kikapu, akamwamkia mamangu kwa heshima zote, akakaa, akasema ametumwa na kaka. Kaka anaomba radhi, alipitiwa, anataka mkewe na mwanawe warudi nyumbani. Alilisema vizuri. Nina hakika mume wangu mwenyewe asingeliweza kulisema vile. Mamangu alianza kufuta macho kwa ukingo wa leso, na akanitazama kwa jicho la kuniambia nikubali yaishe.

Mimi nilikuwa nautazama mkono wa shemeji, pale anapokunja kiwiko, walipomdunga sindano.

"Maneno yako mazuri, shemeji," nikamwambia. "Lakini umekuja tena kutoa kilicho cha mwenzio."

Akacheka kidogo, akaona sicheki. Akasema kaka yuko safarini, si namjua kazi yake.

"Mwambie hata kompyuta ilimngojea aje mwenyewe. Radhi yake ailete kwa mdomo wake."

Khanga nilizirudisha kikapuni. Halwa mamangu alikuwa ameshaikata, na mtoto anaipenda, ikabaki.

Lori la chumvi hupita barabara yetu kwenda Gongoni, na likikaribia kona hupiga honi. Mamangu husema, huyo. Mtoto hugeuza kichwa, maana siku hizi anaweza. Mimi huendelea kufua. Beseni limerudia kazi yake.