Harufu ya Embe Barazani

Binti yangu alikuja kwetu Timbwani kumalizia arobaini yake akiwa na mtoto njiti mwenye kifua dhaifu, na sharti moja mdomoni. "Shikamoo baba," akaniamkia, nikaitika marahaba, kisha papo hapo mlangoni: "Kaa bila sigara mpaka arobaini iishe, ndipo nitakupa mtoto umshike." Wallahi niliudhika. Nimevuta tangu nilipokuwa kuli bandarini, nimezeeka nayo, leo napewa masharti na niliyemlea mwenyewe! Lakini alikuwa mjukuu wangu wa kwanza, na hamu ya kumpakata ilininyima raha.

Kliniki, muuguzi alinipa plasta za nikotini za kubandika mkononi. Mwili ukatulia, kweli, ila mdomo na vidole vilibaki havina kazi. Nikawa nashika kalamu, natafuna vijiti, namnunia kila mtu. Siku ya tatu rafiki yangu, dereva wa malori, akanipa sigara ya umeme, kile kidude cha mvuke wanachokipenda vijana. "Hii si sigara," akasema. Nikakubali upesi, maana ndilo jibu nililolitaka.

Basi alasiri zangu zikawa kama njozi. Nilikaa baraza ya nyuma, upepo ukinipapasa, nikavuta mvuke wenye harufu ya embe, ukapanda polepole mbele ya macho yangu mpaka ukuta wa jirani ukaonekana uko mbali sana. Sikuwaza bandari wala uzee. Hata sigara niliisahau, hilo sitalikana. Nilijiambia sijavunja sharti.

Mke wangu naye alikuwa na lake. Watoto wetu wote aliwafukiza udi, na sasa binti kakataza chetezo nyumbani kwa ajili ya kifua cha mtoto. Alasiri moja akanitokea na mtoto begani, nguo za mtoto za kufukiza mkononi, uso umechangamka.

"Ee, kumbe ni wewe! Najiuliza, udi gani huu mtamu hivi? Afadhali wewe umekumbuka. Hebu sogea, mtoto apate kidogo kabla mamake hajatoka kuoga."

Kidude kilikuwa kiganjani mwangu, bado kina moto. Ningeweza kukitia mfukoni nikanyamaza. Lakini yule mtoto alikuwa akihema upesi upesi, na mvuke ulikuwa bado haujatawanyika.

"Usimlete! Mrudishe ndani!" nikapiga kelele, binti yangu akatoka mbio. "Si udi. Ni mimi navuta."

Hakunifokea. Heri angefoka. Alimchukua mwanawe, akauliza, "Tangu lini, baba?" Nikamwambia yote. Nililia, na sioni haya kulisema.

Dereva nikamrudishia kidude chake. Kuanzia kesho yake, binti mwenyewe ndiye aliyenibandika plasta kila asubuhi, akiigandamiza kwa kiganja mpaka ishike. Muuguzi akaniongezea chingamu ya nikotini kwa ajili ya mdomo. Kali, yachoma koo, na njozi haina hata chembe.

Arobaini ikatimia. Gari lilipokuwa likingoja nje kumrudisha kwa mumewe kule Magongo, binti akanijia. "Kaa chini, baba." Akanipakatisha mtoto, mwepesi, ana joto, ananukia maziwa. Sijapata kuitamani sigara kama nilivyoitamani saa ile, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa.