Nane Mwezi wa Sita

Mimi nikifanikiwa jambo sina breki. Ofisini wananijua: programu yangu ikikubali, jengo zima litasikia. Kwa hiyo kliniki moja ya macho hapa mjini Tabora iliponiomba niwatengenezee kitu cha kuwakumbusha wagonjwa tarehe zao kwa ujumbe wa simu, mtu wa kwanza kumtangazia alikuwa mama mdogo, kule Tura.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, maana mama yangu alifariki sijaanza hata kutembea. Naye alikuwa mgonjwa wa kliniki hiyohiyo. Presha ya macho ilishamla jicho la kushoto. La kulia lilikuwa bado linaona, lakini kidogo, kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari hakumficha: jicho hili tukiliwahi kwa upasuaji litabaki hapo lilipo, tukichelewa limekwenda, na likienda halirudi. Akapewa kadi yenye tarehe, akapanda treni akarudi kwake.

"Wala usihangaike na kadi, mama," nikamwambia kwenye simu. "Siku tatu kabla utapata ujumbe. Ukiingia, ndio ufunge mzigo."

"Umeuandika wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akacheka mpaka akakohoa. Nadhani kufikia jioni Tura nzima ilishaambiwa.

Kazi yenyewe niliiona ya kitoto. Nilipewa faili la eksel lenye majina, namba za simu na tarehe. Programu isome kila mstari, itambue tarehe, itume ujumbe. Lakini kompyuta haihifadhi tarehe kama sisi. Ukichungulia ndani ya kisanduku unakuta namba tupu, elfu arobaini na kitu, hesabu ya siku tangu mwaka 1900. Kinachokuonyesha kwamba hiyo ni tarehe na si kilo za mpunga ni mpangilio wa kisanduku tu, ile sura kilichopewa. Basi programu yangu ikawa inakiuliza kila kisanduku: wewe ni tarehe? Kikisema ndiyo, inaamini.

Vingine vilisema hapana. Tarehe kama 25/6 au 17/7 zilikuwa zimekaa mle kama maneno tu. Nilichukia! Nikamsema sana muuguzi aliyezichapa, tena mbele za watu, kwamba hajui kazi. Nikahangaika nazo siku mbili, moja baada ya nyingine, mpaka zikakaa sawa. Zile zilizokubali tangu mwanzo sikuzigusa. Niziguse za nini? Zilikuwa tarehe safi.

Mwezi wa sita ulipoanza, mama mdogo akanipigia. Kadi alikuwa akisomewa na jirani yake, mzee mstaafu wa reli.

"Baba, mzee anasema hapa imeandikwa nane, mwezi wa sita. Eti kesho nipande treni. Na ujumbe wako mbona haujaja?"

Nikafungua kompyuta. Jina lake lilikuwepo, na namba yake, na tarehe sita, mwezi wa nane.

"Mzee kageuza, mama. Ni sita, mwezi wa nane. Macho yake nayo yamechoka, mje naye tu mtibiwe wote."

Tukamcheka. Jamani, tulimcheka wote wawili. Nilimsikia mzee kwa nyuma akisema, "Mwambie aje aione kadi," na mama mdogo akimjibu kwamba mwanawe hasomi kadi, anasoma mashine.

Mwezi wa nane ujumbe uliingia siku tatu kabla, kama nilivyoahidi. Nikampokea stesheni, amevaa kitenge kipya. Wakati wa kushuka aliitafuta ngazi ya behewa kwa mguu, akapapasa, akapapasa tena. Nikasema moyoni ni uchovu wa safari.

Kliniki, muuguzi alifungua daftari lake la mkono akatutazama. "Mama huyu si tulimngoja mwezi wa sita?" Daktari akammulika jicho, akarudia, kisha akanyoosha vidole akamwuliza ni vingapi.

"Washa taa kwanza," mama mdogo akasema.

Taa ilikuwa inawaka. Na dirisha lilikuwa wazi, saa nne asubuhi.

Nilirudi kwenye lile faili. Kompyuta ya muuguzi ilikuwa imewekewa kalenda ya Kimarekani, mwezi kwanza, siku baadaye. Yeye alichapa kama tunavyoandika sote, siku kwanza. Akichapa 25/6, kompyuta inaona hakuna mwezi wa ishirini na tano, inaiacha kama maneno. Akichapa 8/6, inaipokea bila ubishi na kuihesabu kuwa sita Agosti, na yeye kwenye kioo bado anaona 8/6, hana habari. Kwa hiyo tarehe nilizozitilia shaka zilikuwa za kweli, na nilizoziamini ndizo zilizogeuka. Na upasuaji hufanyika Jumatatu tu! Sita Agosti ilikuwa Alhamisi. Kalenda ya ukutani ingetosha kuniambia, mjinga mimi. Nilibadilisha mistari mitatu ya programu, ikachukua dakika kumi. Wagonjwa wengine tukawawahi kwa simu. Kwa mama mdogo hapakuwa na mstari wa kubadilisha, nikakaa pale nikalia.

Wiki tatu nilishindwa kusema. Kisha nikapanda treni nikaenda Tura. Nilimkuta kibarazani anamenya karanga kwa kupapasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda, hata sauti imekonda."

Nikamweleza yote bila kupunguza. Kwamba mzee alisoma sawasawa. Kwamba mimi ndiye niliyekosea, na jicho lake nimelipoteza mimi.

Alimenya karanga kama tatu hivi ndipo akajibu. "Huyo mzee ameshakulisha maneno yake, eh? Anazunguka kijiji kizima anasema mwanangu kanipofusha. Nimemkataza kukanyaga hapa."

"Mama, hajaniambia kitu. Ni mimi."

"Wale wa kliniki waliandika hovyo, wakaona wakubebeshe wewe, na wewe kwa upole wako ukabeba. Ndivyo ulivyo tangu mdogo." Akanitafuta goti, akalipigapiga. "Acha. Mimi najua nilichozaa."

Hakunizaa. Nikachota karanga kwenye ungo wake, nami nikaanza kumenya.

Mzee akapita njiani, akasimama kwenye ua. "Wangaluka, mayu," akasalimia kwa Kinyamwezi, taratibu, kofia mkononi. Mama mdogo akafunga mdomo, akageuzia uso ukutani.

"Ameshapita?" akaninong'oneza.

Mzee alikuwa bado amesimama palepale, ananitazama mimi.

"Ameshapita, mama," nikasema.