Mama Lishe na Ukurasa Uliogoma

Nilipofungua steshenari yangu Bugarama, jirani na machimbo ya dhahabu, laptop ilinisumbua karibu mwezi mzima. Ukurasa wa mtandao unafunguka vizuri, dakika tano baadaye unagoma, halafu unafunguka tena wenyewe. Nililaumu mvua. Nikanunua laini nyingine. Nikaweka brauza mpya, nikaipandisha juu ya kabati ile simu iliyokuwa ikiirushia laptop data, ili ishike mnara vizuri. Siku mbili shwari, ya tatu yale yale.

Asubuhi moja aliingia mama anayewapikia wachimbaji wali na maharage. Ujauzito ulimtoa shuleni akiwa kidato cha nne. Sasa, akiwa na wajukuu wawili, alikuwa amefanya mtihani wa kidato hicho, na matokeo yalishatoka. Hakutaka wanawe wamtazamie kwenye simu zao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akanipa karatasi yenye namba yake ya mtihani. "Yakiwa mabaya, usisome kwa sauti."

Orodha ya vituo ilifunguka. Nilipobonyeza kituo chake, kimya. Nikazima laptop, nikawasha, ikagoma palepale. Nikafungua orodha ya mitandao, nikaunganisha upya na simu yangu. Ukurasa ulianza kuja, ukakwama katikati. Yeye alitulia mno, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Akanyoosha kidole kwenye kona ya kioo.

"Baba, hapa mbona jina limebadilika? Sasa hivi pameandikwa lile la gesti, kama kwenye kibao chao pale nje."

Nikatazama. Kweli. Kabla sijapata chumba cha kupanga nililala wiki mbili kwenye gesti hiyo ya jirani, na laptop ilikuwa bado inaukumbuka mtandao wao. Kila data ya simu yangu ilipoyumba kidogo, ilihamia huko kimyakimya, na huko kifurushi kilikuwa kimekwisha zamani. Baadaye ilirudi kwangu. Mwezi mzima nilikuwa nakodolea macho ukurasa, sikuwahi kutazama kona ile.

Niliufuta mtandao wa gesti kwenye laptop, nikajaribu tena. Ukurasa ukafunguka wote. Nikaishusha orodha polepole mpaka kwenye namba yake.

"Daraja la tatu, mama. Umefaulu."

Akasogea karibu na kioo.

"Baiolojia je?"

"C."

"Ile ilinitesa." Akainamisha kichwa, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Mimi nikajifanya natafuta karatasi, ingawa zilikuwa mbele yangu.

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma, kisha akaniomba nimchapie nakala mbili. Moja alitaka kuibandika palepale anapopikia, wachimbaji waione wakati wa kupanga foleni ya chakula.

Akazikunja taratibu, akatoka kwa haraka. Jua lilishapanda, na mchele ulikuwa bado haujachaguliwa.